Jinsi Kawetere Jazz Tulivyorekodi Santuri Yetu Iringa

Tuliondoka Mbeya kwenda Iringa kwa sababu moja tu: kurekodi santuri nzima, ile ndefu yenye nyimbo pande zote mbili, kabla bendi yetu haijafa. Nasema kufa kwa kuwa ndivyo watu wa Mwanjelwa, mtaani kwetu, walivyokuwa wakisema. Wengine walikuwa wametuzika zamani.

Kawetere Jazz tuliianzisha kabla ya uhuru, tukiwa vijana wanne wenye magitaa ya kuazima. Lusajo alikuwa kiongozi na mpiga solo. Sanga, Mkinga mwenye duka la vitambaa na hasira za karibu, alipiga drams. Hosea alikuwa mwimbaji wetu na mpiga ridhimu. Mimi, Ambokile, seremala kwa kazi, nilipiga besi na kutengeneza maboksi ya spika. Tulipiga rumba na chacha, watu wakacheza, tukaoa, tukazaa. Kisha Lusajo akaenda kufanya kazi migodini Kopabelti, na aliporudi alikuja na kisanduku kidogo cha chuma cha kukanyagwa kwa mguu. Ukikikanyaga, gitaa linakwaruza na kunguruma kama lori lenye mzigo likipanda Mlima Nyoka. Kule Zambia vijana walikuwa wamekwisha kuanza muziki wa namna hiyo. Tulipoupiga kwa mara ya kwanza Mwanjelwa, wazee walihama na chupa zao. Vijana wakajaa. Wakauita muziki wa radi.

Mtu aliyetupa nafasi alikuwa Ndugu Mgaya, fundi mitambo wa studio ndogo ya misheni huko Iringa. Alikuja Mbeya kwenye harusi ya shemeji yake, akatusikia, akabaki amesimama mlangoni mpaka tukamaliza.

"Njooni kabla kwaya hazijaanza kurekodi nyimbo za Pasaka," alituambia. "Nitawapa ukumbi kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. Kanda ikiwa safi, naipeleka Nairobi kwa watu wanaochapa santuri. Ikiwa mbovu, siwezi kuwasaidia tena, maana hata ruhusa hii nimeiomba kwa kupiga magoti."

Tulikubali hapo hapo.

Asubuhi ya kuondoka, Mbeya ilikuwa ndani ya ukungu, huwezi kuona hata bati la jirani. Lori la rafiki yetu lilikuwa linakwenda Rujewa kuchukua mchele, nasi tulipakia vyombo huku tukipuliza vidole kwa baridi. Bupe, mke wa Lusajo, alikuja na kikapu cha ndizi za kuchemsha. Alinivuta pembeni.

"Shemeji, nakuomba kitu. Ukiongea naye, kaa kulia kwake."

"Kuna nini kushoto?"

"Wewe kaa kulia tu," alisema, akaenda kumfungia mumewe vifungo vya koti.

Nilidhani ni sikio linauma. Kwa baridi ile lilikuwa jambo la kawaida.

Njiani kuelekea Chimala ukungu ulibaki nyuma na jua likatupata. Lami bado ilikuwa mpya, na sisi tuliozoea mashimo tulikaa juu ya magunia matupu tukishangaa jinsi lori linavyoteleza. Sanga alikuwa anamsemesha Lusajo habari za mpangilio wa nyimbo, upi uanze, upi ufunge. Lusajo aliitikia kwa kichwa kila mara. Mwishowe Sanga akamuuliza, "Kwa hiyo ule wa taratibu tuutoe?" Lusajo akajibu, "Ndiyo, Chimala tutakunywa chai."

Tulicheka wote. Yeye pia alicheka, baada yetu kidogo.

Mchana tuliacha barabara kuu pale Igawa tukaingia Rujewa. Hapo ndipo Hosea alipokuwa akiishi. Alikuwa ameacha bendi kwenda kusimamia mashine ya kukoboa mpunga ya mjomba wake, na tangu aondoke hatukuwa na mwimbaji wa kueleweka. Hatukuwa na hakika kama atakubali. Tulimkuta kwenye uwanja wa mashine, mweupe kwa pumba kuanzia nywele hadi viatu.

"Nimewaona mkishuka," alisema kabla hata hatujasalimiana. "Mmekuja na vyombo vyote. Hivyo hamkuja kunisalimia."

"Tumekuja kukuchukua," Lusajo alisema.

"Huu ni msimu wa mpunga, kaka. Mjomba atanifukuza."

"Basi tupige hapa leo. Mjomba asikilize. Akisema hufai, tunakuacha."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mashamba, tulipanga vyombo kwenye jukwaa la mbao walilokuwa wakiwekea magunia, tukaunganisha umeme kwenye jenereta ya mashine. Lusajo alivua viatu. Nilidhani anaogopa kuteleza kwa ajili ya pumba. Watu walitoka mashambani na majembe begani. Wasangu, Wahehe, na zile familia za wafugaji zilizohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Hosea aliimba nyimbo mbili za zamani kama mtu anayejaribu viatu alivyoviacha muda mrefu. Wa tatu ulikuwa mpya. Lusajo alikanyaga kisanduku chake, na bonde zima likanguruma.

Mzee mmoja mfugaji alikuja mbio hadi mbele yetu, fimbo juu.

"Ninyi watu! Ng'ombe yangu yote imekimbia! Imefika mtoni!"

Tukaacha kupiga. Lusajo alimwomba radhi kwa niaba yetu, akajitolea twende kuwakusanya. Mzee alitutazama, akatazama lile gitaa, kisha akashusha fimbo.

"Vijana wangu wanaifuata. Ninyi malizeni kwanza huu wimbo, nione mwisho wake."

Tukaumaliza. Mjomba wa Hosea, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia muda wote, alijipangusa pumba usoni akamwambia mpwa wake, "Nenda. Lakini ukirudi bila santuri, usije hapa kuniambia habari za muziki tena."

Kesho yake asubuhi tulipanda basi. Makambako upepo ulikuwa mkali, vumbi linaingia hata kwenye chai. Mafinga tulipita katikati ya misonobari iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka, na Hosea alifungua dirisha akaimba kwa sauti ya chini ili kufungua koo. Abiria mmoja alimwambia afunge dirisha au afunge mdomo. Alifunga dirisha.

Alasiri basi lilivuka daraja la Ipogolo na kuanza kupanda mlima kuingia Iringa mjini. Mgaya alitupokea stendi na mkokoteni wa kubebea vyombo. Tulifikia kwa Mama Neema, mjane aliyeishi Kihesa karibu na studio, ambaye nyumba yake ilikuwa na vyumba vya wageni.

"Kamwene!" alituamkia mlangoni. "Mmetoka mbali, poleni. Mgaya ameniambia ninyi ni wanamuziki wa kelele."

"Siyo kelele, mama," Sanga alisema.

"Mimi sijasema ni mbaya. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta. Ingieni, maharage yako jikoni na ulanzi upo, ila mnywe kidogo kama mna kazi kesho."

Alhamisi asubuhi tuliingia studio. Ilikuwa ukumbi mdogo wa matofali uliotundikwa mablanketi na mikeka ukutani ili sauti isirudi, na paa la bati tupu. Mgaya alikaa chumba cha pembeni, nyuma ya kioo, na mitambo yake miwili ya kanda. Tulianza na wimbo wa kwanza. Hatukufika kiitikio akatoka.

"Ndugu Lusajo, punguza. Mshale wa kipimo changu cha sauti unagonga mwisho. Nikirekodi hivi, kanda yote itakuwa inakwaruza."

"Inatakiwa ikwaruze."

"Gitaa likwaruze, sawa. Siyo kanda. Punguza nusu."

Lusajo alipunguza. Tulipoanza tena, alikosea. Yeye, ambaye sikuwahi kumsikia akikosea kuingia, aliingia mapema, kisha akachelewa, kisha akapandisha tena sauti na mshale ukagonga tena. Siku nzima ilikwenda hivyo. Jioni hatukuwa na hata wimbo mmoja. Sanga alifunga vijiti vyake kwenye kitambaa kwa hasira ya mtu anayefunga mzigo wa kuondoka.

Ijumaa tulianza vibaya vilevile, lakini baada ya chakula cha mchana mambo yakawa na nafuu. Mgaya alikubali kumwachia Lusajo sauti kubwa kidogo, akasogeza maikrofoni mbali. Tulikuwa katikati ya wimbo mzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, Lusajo ameanza solo, mvua iliposhuka juu ya bati. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote mara moja, kama mtu aliyepindua pipa la kokoto juu ya paa. Hosea alinyamaza. Sanga alishusha vijiti. Mimi niliweka kiganja juu ya nyuzi. Mgaya alikwisha kuzima mtambo na kutoka, anatikisa mikono.

Lusajo aliendelea kupiga.

Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, amejipanga na ngoma ambayo haikuwepo tena. Alipiga solo yote, peke yake, ndani ya mvua ile iliyokuwa ikitulazimu sisi kusemezana kwa kupiga kelele. Hakuna aliyecheka. Hosea alimsogelea akamgusa bega.

Lusajo alifumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akatazama juu kwenye bati, kisha dirishani, ambako maji yalikuwa yakishuka kama pazia.

"Imeanza lini?" aliuliza.

Tulikaa kwenye mabenchi mpaka mvua ikapungua, ndipo akatueleza. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia alibaki na sauti nzito tu. Sauti nyembamba zilikuwa zimeondoka moja moja. Baruti za migodini zilianza, spika zetu zikamalizia. Alipopunguza sauti, gitaa lake lilipotea kabisa, na sisi pia tukapotea.

"Daktari anasema hata hili la kulia halina muda mrefu," alisema. "Ndiyo sababu nilitaka tuje sasa."

Sanga alisimama. "Na wewe ukanyamaza! Umetutoa majumbani kwetu, umemtoa Hosea kwenye mashine ya watu, ukijua husikii?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi."

Sanga alitoka nje akasimama kwenye veranda akiwa ametupa mgongo. Mgaya, ambaye alikuwa mtu mpole na aliona aibu kuwa katikati ya jambo la wenyewe, alikohoa.

"Ndugu zangu, mimi nina ukumbi hadi kesho mchana. Kwaya ya Njombe inaingia baada ya hapo. Kuna kijana hapa mjini anapiga solo vizuri sana. Naweza kumwita."

Ni Lusajo aliyejibu, na alijibu kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kulifikiria hilo siku nyingi.

"Mwite. Nyimbo ziko kichwani mwangu, nitamfundisha leo jioni. Santuri itoke."

Sanga akarudi ndani, mabega yamelowa.

"Usimwite mtu," alimwambia Mgaya. "Nyimbo hizi nimezipiga na huyu tangu sina ndevu. Sizipigi na mtoto wa mtu mwingine." Kisha akamgeukia Lusajo, akazunguka hadi upande wake wa kulia, akainama. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya. Rujewa ulipiga vizuri. Kwa nini Rujewa uliweza?"

Lusajo alifikiri. Kisha akatazama miguu yake.

"Kwa mbao," alisema. "Pale tulisimama juu ya mbao. Besi ya Ambokile ilikuwa inanipanda miguuni. Ngoma yako pia. Hapa ni saruji. Saruji haisemi kitu."

Hiyo ilikuwa lugha ninayoielewa. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilikwenda na Hosea kwa Mama Neema kumwuliza kama ana mbao.

"Mna shida gani tena?" alisema.

Tulimweleza. Hakuuliza mara mbili. Alitutolea mlango wa zamani uliokuwa umeegeshwa nyuma ya banda la kuku, mlango wa mninga, mzito, ulionyooka. Tuliusafisha kinyesi cha kuku kwa brashi na maji ya moto, tukaubeba kichwani hadi studio. Nililaza boksi la spika ya besi chali sakafuni, nikaweka mlango juu yake na vipande vya mbao kwenye pembe, nikaukaza usiteleze. Sanga alisogeza dramu lake kubwa hadi likagusa ukingo wa mlango. Amplifaya ya Lusajo tuliipeleka stoo ya jirani, tukaizungushia magodoro na kuweka maikrofoni mbele yake, ili ingurume itakavyo bila kumwumiza Mgaya.

"Simama," nilimwambia.

Lusajo alivua viatu na soksi, akapanda. Nilipiga noti moja ndefu. Aliangalia mbele. Nikapiga nyingine, ya chini zaidi.

"Huyo wewe," alisema. "Endelea."

Jumamosi tulianza mara tu kulipopambazuka, maana mvua za siku zile zilipenda kushuka kuanzia saa sita. Wimbo wa kwanza tuliupata kwa jaribio la pili. Wa pili kwa jaribio la kwanza. Mimi sikumtazama mtu ila miguu ya Lusajo, vidole vilivyojikunja juu ya mbao kila nilipobadili noti. Aliingia pale anapotakiwa kuingia. Mara moja aliteleza, akapandisha mkono tusimame, akasema, "Sanga, nigongee kwa nguvu kwenye daraja la wimbo, kabla ya kiitikio, pale ndipo ninapokupoteza." Sanga akagonga kwa nguvu. Hosea aliimba mpaka sauti ikaanza kukauka, na Mama Neema akaja na chai ya tangawizi akaiweka mlangoni bila kuingia. Nyuma ya kioo Mgaya alikuwa anabadili kanda bila kutusemesha, na hilo lilitutia moyo zaidi ya sifa.

Ulikuwa umebaki wimbo mmoja, ule wa Ijumaa. Wingu lilikuwa limekwisha kukaa juu ya mji. Kwaya ya Njombe ilikuwa imefika, kina mama na kina baba na mabegi yao, wamesimama kwenye veranda wakisubiri zamu.

Tulianza. Hosea alimaliza ubeti wa mwisho, Lusajo akaingia kwenye solo, na mvua ikashuka.

Nilimtazama Sanga. Sanga alinitazama. Hakushusha vijiti. Alipiga kwa nguvu zaidi, nami nikakaza. Nilitazama kwenye kioo nikiamini nitamwona Mgaya akitikisa mikono. Alikuwa amesimama, mkono uko juu ya swichi, anatazama miguu ya Lusajo. Kisha akakaa chini, mtambo ukiendelea kuzunguka.

Tuliupiga mpaka mwisho. Lusajo alipofumbua macho aliona maji dirishani, akatazama mikono yetu ikiwa bado juu ya vyombo.

"Hamkuacha?"

"Hatukuacha," Hosea alimwambia, akimwelekea sikio la kulia.

Kiongozi wa kwaya, mama wa makamo mwenye mwavuli, alichungulia ndani akatutazama tulivyolowa jasho. "Ninyi ndio mliokuwa mnapiga hivyo tangu asubuhi?" alisema. "Jamani. Poleni na kazi." Wakatusaidia kutoa vyombo.

Kabla ya kuondoka, Mgaya alitupigia kanda. Lusajo aliweka shavu na viganja vyote viwili kwenye spika ya studio, akabaki hivyo wimbo mzima. Alipoinuka alimwuliza Sanga, siyo mimi, siyo Mgaya, "Ikoje?"

"Nzito," Sanga alisema. Akaenda kufunga mizigo.

Jumapili tulirudi. Basi lilijaa, tukasimama mpaka Mafinga. Igawa tulimshusha Hosea, na alishuka akiwa amenyooka, kwa sababu sasa alikuwa na la kumwambia mjomba wake. Mbeya tulifika giza likianza kuingia. Bupe alikuwa stendi. Hakuuliza habari za santuri. Alimpokea mumewe koti, akaniuliza kwa jicho tu, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, tunajua, na ameweza.

Mimi nilikuwa nimepiga muziki miaka mingi nikiamini kazi yangu ni kupiga noti zangu sawasawa na kumwachia kila mtu zake. Iringa nilijifunza kwamba mwenzako anaweza kuwa anasimama juu ya kile unachopiga, kwa maana halisi, na ukilegea wewe, yeye anaanguka. Tangu safari ile sijapiga besi kwa uvivu hata siku moja ya mazoezi.

Santuri bado haijatoka. Wiki iliyopita Mgaya alipita Mbeya akatuletea majibu ya Nairobi: kanda wameikubali, wako tayari kuchapa, ila wanaomba wimbo wa mwisho turudie, kwa kuwa una mvua ndani yake. Sanga alitaka kujua kama wana akili. Mimi nilisema labda tufikirie. Mgaya alirudia maneno yote polepole, akiwa kulia kwa Lusajo, akisubiri jibu la kupeleka.

"Waambie wauache," Lusajo alisema. "Mvua ile ni mimi peke yangu sikuisikia. Wengine waisikie."